Waliotia Chumvi Kimbunga

Shuleni kwetu hakuna kitu kilichowahi kuvunjwa. Vitu vilivunjika tu, kwa hiari yao. Dirisha la bwalo lilivunjika. Kengele ya alfajiri ilipotea. Kuku wa Matroni waliamka siku moja wakiwa na rangi ya kijani, na bweni zima la wasichana likashangaa kwa heshima zote.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, tuliyemwita Kauli kwa mapenzi yake makubwa kwa kauli za vitenzi, hakukubali hata kidogo.

"Dirisha limefanya nini?"

"Limevunjika, mwalimu."

"Lenyewe?"

"Lenyewe, mwalimu. Lilikuwa na mawazo mengi."

"Limevunjwa!" alifoka huku akigonga meza. "Vunjwa! Na penye w hiyo pana mtu, na mtu huyo yuko darasani humu ananitazama kwa macho ya kondoo!"

Nayasema haya kwa unyenyekevu, maana mwaka ule nchi nzima ilikuja kugombana juu ya somo hilohilo, na watu wazima wenye tai wakafeli vibaya kuliko sisi wa kidato cha tatu.

Mama yangu ni mtabiri wa vimbunga. Anafanya kazi katika kituo cha hali ya hewa, kwenye chumba chenye harufu ya nyaya zilizopata moto na kahawa iliyosahauliwa. Kuna skrini ukutani zinazoonyesha mawingu kutoka angani, kuna rada, kuna meza ya ramani ambayo siku hizi kazi yake ni kuwekewa vikombe, na kuna feni ambayo haijageuza shingo tangu nizaliwe. Mama huchomeka penseli nyuma ya sikio kisha huitafuta chumba kizima. Kazi imemwingia hadi kwenye ulimi. Ukimuuliza atarudi nyumbani saa ngapi, atajibu: "Kuna uwezekano mkubwa wa jioni." Siku moja nilimuuliza kama ananipenda. Akasema hali inatarajiwa kuendelea hivyo.

Likizo ile alinichukua kazini kila siku, kwa sababu hakutaka kuniacha nyumbani peke yangu. Sababu zenyewe anazijua jirani yetu, na suala lake la antena tulishalimaliza kwa amani.

Basi ndivyo nilivyokuwepo kile kimbunga kilipozaliwa. Kituo kilikipa namba. Mimi nilikiita Matroni: kinatembea polepole, kina jicho moja kubwa, na kikifika kila kitu hulala chini.

"Hiyo heshima kweli?" Mama aliniuliza, ila nilimwona akicheka puani.

Kilikuwa baharini bado, kikielekea moja kwa moja kwenye mji mkuu. Na hapa lazima nimtambulishe Mkurugenzi. Mkurugenzi wa kituo ni mtu mnene wa sauti, mwenye suti zinazong'aa viwikoni. Aliwahi kusoma hali ya hewa zamani, kisha akapanda cheo hadi akafika mahali ambapo mawingu hayaonekani tena. Ndoto yake ilikuwa moja: kukishinda kimbunga. Alikuwa amepata ndege, na ndege hizo zilibeba unga wa chumvi maalumu wa kumwagwa ndani ya mawingu.

Niliomba nieleweshwe. Mama alichukua kikombe chake cha kahawa akakoroga kwa nguvu.

"Ona hapo katikati, hilo ndilo jicho. Likiwa dogo, upepo unaolizunguka unakimbia kasi sana. Likipanuka, upepo unalegea. Umeshaona mtu anazunguka amekunja mikono, halafu akiikunjua anapunguza mwendo? Ndiyo hivyo. Ukimwaga chumvi kwenye mawingu ya pembeni, yanavimba, yananyang'anya yale ya katikati nguvu, na jicho linapanuka."

"Kweli?"

"Kwenye karatasi. Huko juu hakuna aliyewahi kuthibitisha. Vimbunga hupanuka na kusinyaa vyenyewe kila siku. Utajuaje kama ni wewe?"

"Kwa hiyo Mkurugenzi anatia chumvi."

Mama aliweka kikombe chini. "Wewe mtoto," alisema, "siku moja mdomo wako utakuponza."

Lakini kufikia saa ya chai, chumba kizima kiliuita mradi ule Kutia Chumvi.

Asubuhi ya siku yenyewe palikuwa na kikao. Mama alisimama mbele ya skrini akaonyesha kwa penseli, iliyokuwa imepatikana.

"Kimbunga hakijiendeshi. Kinabebwa na pepo kubwa za juu, kama kizibo kwenye mtaro. Na huku kaskazini hewa nzito inajijenga, itakizuia. Naona kuna uwezekano mkubwa kwamba leo alasiri kitapinda kusini. Mji mkuu utapona. Mji wa kusini ndio wa kuhofia."

"Vizuri," alisema Mkurugenzi. "Ndege zitaruka mchana."

"Mkuu, sijasema kitu kuhusu ndege."

"Ndiyo maana nimesema mimi."

Ndege ziliruka. Chumvi ikamwagwa. Na alasiri, pale pale Mama alipoonyesha kwa penseli, Matroni aliinamisha kichwa, akafikiri, akashika njia ya kusini.

Sijawahi kuona watu wazima wakishangilia namna ile. Dereva wa kituo alimkumbatia mhasibu. Mkurugenzi alipigiwa simu na wakubwa mpaka sikio likawa jekundu, na kila simu ilipokatwa alikuwa mrefu zaidi. Walimvika kilemba cha ukoka naye akakikaza vizuri kisianguke.

Mama peke yake alikuwa ameketi, anaandika taarifa ya redio. Yeye ndiye aliyekuwa zamu. Nilisoma begani kwake: *Kimbunga kimegeuka na sasa kinaelekea kusini. Wakazi wa mji wa kusini wahamie sehemu za juu mara moja.*

Mkurugenzi aliichukua, akaisoma, akaguna kama mtu aliyekuta jiwe kwenye wali.

"Kimegeuka?"

"Kimegeuka, mkuu."

"Binti yangu, ndege zimeruka, mafuta yameungua, nchi inatusikiliza, halafu wewe unasema kimegeuka? Kama mtu aliyegeuka kitandani?" Akatoa kalamu. "Kimegeuzwa. Na wataalamu wetu."

"Chumvi haigeuzi kimbunga. Hata nadharia yenyewe haisemi hivyo. Inasema kulegeza, na hata hilo..."

"Na hii sentensi ya pili inachafua habari njema." Akaipiga mstari. Mahali pake akaandika: *Wananchi wawe watulivu.*

"Mkuu, kuna watu kule!"

"Tutatoa tahadhari yao asubuhi, tukishahakikisha. Unataka watu wakimbie bure halafu watucheke?"

"Asubuhi kitakuwa kimeshafika."

"Kuna uwezekano," alisema Mkurugenzi, akimwigiza, na wale waliokuwa karibu naye wakacheka.

Mimi nilikuwa pale. Niliiona ile w ikiingia kwenye neno. Herufi nyembamba tu, imejikunyata katikati ya kitenzi, na mtu mzima mwenye suti amejificha nyuma yake anatabasamu.

Mama alipiga simu. Alipigia ofisi za mji wa kusini, karani akamwambia wameshasikia redio, hongereni sana. Alipiga tena, akaambiwa mkubwa ametoka. Kisha akampigia mdogo wake.

Mama Mdogo anaishi kule. Mumewe, Baba Mdogo, alikuwa fundi wa majokofu, na katika ukoo wetu wote wa watu wenye nyuso za kodi ya nyumba, yeye ndiye aliyekuwa anachekesha. Simu ilikuwa kwenye spika, Mama akiandika namba nyingine kwa mkono wa pili.

"Mdogo wangu, tokeni hapo. Pandeni shuleni kule mlimani, sasa hivi."

"Dada, si redio imesema mmekigeuza?"

"Kimegeuka, na kinakuja kwenu."

"Sasa nimsikilize nani? Wewe au ofisi yako?"

"Mimi!"

"Lakini wewe ndiye ofisi, dada. Miaka yote unatuambia tusisikilize maneno ya mitaani, tusikilize taarifa. Ndiyo tumeisikiliza."

Baba Mdogo akanyakua simu. "Shemeji! Hongera! Nasikia mmekizaba kimbunga kofi kikageuza shingo!"

"Shemeji, sikia, sitanii. Ondoa familia."

"Shemeji, karakana imejaa majokofu ya watu. Nikiyaacha yakaibiwa, utakuja wewe kuwaeleza wenyewe kwamba yameibika?"

"Afadhali yaibiwe!"

"Unasema wewe usiyedaiwa jokofu na muuza nyama." Kisha akatulia, maana alimjua shemeji yake. "Haya. Mke wangu na watoto nitawapeleka mlimani, kwa heshima yako. Mimi nitarudi kulinda mali za watu. Redio imesema tutulie, basi nimetulia. Msalimie huyo mtundu wako."

Nilisema shikamoo kwa sauti ya juu. Akajibu: "Marahaba, kuku wa kijani!"

Kimbunga kilifika kabla ya asubuhi. Bahari iliingia mitaani. Majokofu ya watu yalielea, na lile kubwa la muuza nyama lilijibana mlangoni mwa karakana, na Baba Mdogo alikuwa ndani. Walimtoa maji yalipopungua. Hapa nimejaribu kutafuta neno la mzaha, maana yeye angelitafuta, sikulipata.

Walikufa wengi. Sisi tulimzika mmoja.

Msibani Mama alimkumbatia mdogo wake, na mdogo wake hakumkumbatia. Alisimama tu mikono chini, kama mtu anayepimwa nguo.

Wiki zilizofuata, watu wa kusini waliacha kulia wakaanza kuuliza. Swali lao lilikuwa zuri kiasi kwamba Kauli angelipatia alama zote. Kama kimbunga kiligeuzwa, nani alikigeuza? Na kwa ruhusa ya nani kilielekezwa kwetu? Mliuokoa mji wenu kwa kuuza wetu? Waliandamana na mabango, na bango kubwa kuliko yote lilikuwa na neno moja tu: KIMEGEUZWA. Walitaka fidia, na walitaka Mkurugenzi ashtakiwe.

Ikaundwa kamati.

Na Mkurugenzi naye, kwa kasi ya ajabu, akajifunza sarufi. Alikuja nyumbani kwetu jioni moja bila kualikwa, akakaa kwenye kiti ambacho mguu wake mmoja nilikuwa nimeulegeza kwa ajili ya mtu mwingine. Kwa bahati mbaya hakikuanguka.

"Binti yangu," alimwambia Mama, "kamati itakuita. Wewe ndiye mtaalamu. Sitaki unisaidie, sitaki upindishe kitu. Sema tu sayansi. Chumvi inaweza kugeuza kimbunga?"

"Haiwezi."

"Kilifanya nini basi?"

Mama alianza kukusanya vikombe mezani.

"Kiligeuka," alisema Mkurugenzi taratibu, kama anayemfundisha mtoto kusoma. "Ukweli mtupu. Nakuomba useme ukweli tu."

Alipoondoka, nilimkuta Mama anapiga pasi gauni la kuvaa kwenye kamati. Alikuwa amelipitisha pasi sehemu ileile mpaka ikaanza kung'aa.

"Mama, kadanganye," nilisema.

"Nini?"

"Sema kiligeuzwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyetangaza. Mwache anywe alichokikoroga. Atafungwa, Mama Mdogo atapata fidia, na ataanza kuongea na wewe tena. Neno moja tu. Nikufundishe? Unatazama chini, unavuta pumzi, unasema kama vile linakuuma. Mimi nimemaliza kesi kubwa bwenini kwa njia hiyo."

"Najua umemaliza. Naitwa shuleni kila muhula."

"Basi unajua inafanya kazi."

Aliisimamisha pasi. "Nikisema kiligeuzwa, mwakani watanunua ndege zaidi. Kila kimbunga kikija watu watakaa ndani wangoje kigeuzwe. Kama alivyokaa shemeji yangu. Unaelewa? Uongo uliomuua ndio huo unaotaka nikautie muhuri."

"Na ukisema ukweli anaondoka mzima."

"Ndiyo."

"Na Mama Mdogo?"

Alirudi kwenye gauni. "Nitaeleza yote. Nitasema tahadhari ilikuwepo, na nitasema ni nani aliyeifuta. Mdogo wangu atasikia. Si mjinga."

Hapo, kwa mara ya kwanza, niliona mtabiri wa vimbunga anatabiri vibaya.

Kamati ilikaa katika ukumbi wenye viti vya plastiki na vipaza sauti vinavyopiga miluzi. Upande mmoja watu wa kusini, wamevaa nguo za kuazima, maana zao zilikwenda na maji. Mama Mdogo alikuwa safu ya mbele, na viatu vilivyombana. Mwenyekiti wa kamati alikuwa bwana mwembamba aliyependa sana maneno "hadidu za rejea."

"Mtaalamu," alimwambia Mama. "Kwa elimu yako na kwa kiapo chako. Kimbunga hiki kiligeuzwa au hakikugeuzwa?"

Nilimwona Mama akimtazama mdogo wake. Nilimwona pia mdogo wake akimtazama, na uso wake haukuwa na chuki siku ile. Ulikuwa unangoja.

"Hakikugeuzwa," alisema Mama. "Kiligeuka."

Ukumbi ulilipuka. Mwanamume mmoja alipanda juu ya kiti. Mwenyekiti aligonga meza mpaka glasi ikaanguka.

"Kiligeuka," Mama alisema kwa sauti ya juu zaidi, "na tulijua kitageuka! Asubuhi ya siku ile nilieleza kikaoni. Niliandika watu wahame. Sentensi hiyo iliondolewa!"

"Na nani?" nilipiga kelele kutoka nyuma. Niliambiwa nikae.

"Na Mkurugenzi," alisema Mama.

Mwenyekiti alimgeukia Mkurugenzi, ambaye alisimama akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa, katika harakati za uhariri, sentensi kadhaa huondoka."

"Zinaondoka zenyewe?" nilisema, na hapo mlinzi akanishika mkono.

Mwenyekiti alitazama karatasi zake kwa huzuni. "Suala la sentensi," alisema, "liko nje ya hadidu za rejea. Kamati iliulizwa jambo moja: je, kimbunga kiligeuzwa na binadamu? Mtaalamu amejibu. Tunamshukuru."

Ndivyo ilivyokwisha. Kwa kuwa hakuna aliyekigeuza, hakuna aliyekosa. Fidia haikuwepo, maana huwezi kuishtaki hewa. Kamati ilipendekeza mradi wa chumvi uongezewe ndege, ili utafiti uendelee.

Watu walipokuwa wanatoka, Mkurugenzi alikata njia katikati ya ukumbi. Alikuja moja kwa moja kwa Mama, akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, mbele ya watu wote wa kusini, mbele ya kamera.

"Ahsante, binti yangu," alisema kwa sauti ile nene. "Umetuokoa sote."

Mama alijaribu kuuvuta mkono. Aliuvuta mara ya pili. Picha iliyotoka gazetini inaonyesha kana kwamba wanapongezana. Nyuma, kwa ukungu kidogo, anaonekana Mama Mdogo.

Nilimfuata nje. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya ukumbi, amevua viatu vya kuazima, anavikanda vidole vya miguu. Gari la Mama lilikuwa hatua chache kutoka pale, vioo vimeshushwa kwa ajili ya joto. Mama mwenyewe alishaingia, mikono kwenye usukani, anatungoja. Alikuwa amekwisha kumwambia mdogo wake kwamba atampeleka kituo cha basi. Mdogo wake alimpita tu.

Nilikaa naye.

"Mama Mdogo, yeye alipiga simu. Unakumbuka? Ndiyo maana wewe na watoto..."

"Nakumbuka." Aliendelea kukanda vidole. "Kwangu alipiga simu. Mji mzima akauachia redio."

"Walimkatalia."

"Angekwenda mwenyewe redioni akapiga kelele. Wewe umepiga kelele leo. Mtoto." Alinitazama. "Sikutaka pesa yao. Nilitaka mtu mmoja tu asimame pale aseme kuna aliyefanya. Nirudi niwaambie watoto kuna aliyefanya. Sasa nikawaambie nini? Kwamba baba yenu amejifia tu, mwenyewe?"

Nilivipanga viatu vyake ngazini, kimoja kando ya kingine. 

"Ungekuwa wewe pale," aliniuliza, "ungesema nini?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema mambo ya pepo za juu na kizibo kwenye mtaro, na ndege za mwakani. Niliyaelewa yote. Mama alikuwa amenieleza vizuri.

"Ningesema kiligeuzwa," nilisema.

Mama Mdogo alinivuta kichwa akakiweka begani kwake, akakishikilia. Hakuwa amemgusa mtu hivyo tangu msiba.

"Mwanangu wewe," alisema. "Wewe ndiye ndugu niliyebaki naye."

Alinukia sabuni ya kugawiwa. Nilikaa vilevile bila kutikisika, na kwa pembe ya jicho niliona Mama ameinamisha kichwa kwenye usukani. Vioo vilikuwa chini. Alikuwa amesikia kila neno, na alijua, kama ninavyojua mimi, kwamba nilikuwa nimesema uongo, na kwamba ulikuwa umepokelewa kwa mikono miwili.

Baadaye Mama Mdogo alivaa viatu akaondoka kwa miguu kuelekea kituoni, akichechemea. Mimi nikaenda kwenye gari nikafunga mlango.

"Funga mkanda," alisema Mama. "Niko zamu jioni. Kuna kingine kinaanza."